Kosa la Herufi na Kosa la Namba

Mtoto wa shule ya msingi Tanzania hufundishwa kuogopa kosa dogo kabla hajafika sekondari. Siku moja kabla ya mtihani wa taifa wa darasa la saba, mwalimu husimama mbele ya darasa na kurudia wasia ule ule: usikunje karatasi, usiichafue kwa jasho, usitie kivuli nje ya duara, na ole wako ukikosea namba yako ya mtihani. Si vitisho vya bure. Tangu 2012 majibu mengi ya mtihani huo hujazwa kwenye karatasi maalumu zinazosomwa na mashine, na mashine haimjui mtoto wala haimwonei huruma. Mtoto anatoka pale akiwa ameelewa somo ambalo halimo kwenye mtaala: mkono ukiteleza kidogo, miaka saba imekwenda na maji.

Miaka sita baadaye mtoto huyo huyo anakaa mbele ya skrini kuomba chuo. Mtihani wa kidato cha sita aliufanya Mei, matokeo yametoka Julai, dirisha la udahili limefunguliwa. Anajaza fomu, anaomba dua, anabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Usiku anafungua tena nakala aliyopakua, eti ajiridhishe tu. Hapo ndipo usingizi unapokatika. Kabla ya kuwasilisha, jicho lilikuwa likisoma alichokusudia kuandika. Sasa linasoma alichoandika, na alichoandika kina herufi iliyoruka, nukta isiyo mahali pake, jina la shule lenye herufi ndogo pale ilipotakiwa kubwa.

Nimewasikia vijana wengi wakiwa katika hali hii, na sijawahi kuwacheka. Wengi wao ni wa kwanza katika ukoo kufika hapo. Shangazi ametoa mchango wa ada ya maombi, mama ameuza alichouza, baba ameshawatangazia msikitini au kanisani kwamba mwaka huu mtoto anaenda chuo. Mzigo wote huo umewekwa juu ya vidole viwili vinavyobonyeza simu yenye kioo kilichopasuka. Isitoshe, baada ya kuwasilisha hakuna kazi iliyobaki ila kungoja wiki kadhaa, na akili isiyo na kazi hujitafutia.

Shida yangu na hofu hii ni moja tu: mara nyingi imekaa mahali pasipo pake.

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku, sauti imekauka kwa kulia.

"Mjomba, shikamoo. Umelala?"

"Marahaba. Bado. Kuna nini?"

"Nimeharibu maombi, Mjomba. Kwenye kata nimeandika Mbagla Kuu. Nimeruka herufi. Watasema huyu hata anakoishi hakujui."

Nikamtuliza, nikamwambia anisomee fomu yote tangu mwanzo, mstari kwa mstari. Akasoma jina, akasoma shule, akasoma tahasusi. Alipofika kwenye mawasiliano akasoma namba ya simu ambayo sikuitambua.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya yule kaka wa steshenari. Simu yangu ilikuwa imezima chaji, akaniambia tutumie yake."

"Na barua pepe?"

"Ya kwake pia. Mimi sikuwa nayo."

"Na nenosiri analo nani?"

Kimya. Kisha akasema, kwa unyenyekevu wa mtu anayejitetea, "Lakini Mjomba, hilo si kosa. Yeye ndiye aliyenijazia."

Basi hiyo ndiyo sura hii yote. Alikuwa amelia kwa ajili ya herufi ambayo hakuna mtu angeiona, na alikuwa ameridhika kabisa na namba ambayo ingeweza kumkosesha nafasi.

Ili tuelewane, tuangalie maombi yanakwenda wapi yakishatumwa. Kati ya 2010 na 2017 Tanzania ilikuwa na mfumo wa pamoja ambamo Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo iliyopokea maombi na kuwapangia waombaji vyuo. Tangu 2017 mwombaji huomba moja kwa moja chuoni, na TCU inabaki kuhakiki kwamba waliochaguliwa wana sifa. Kwa mwenye kidato cha sita, sifa ya chini kabisa ya shahada ni kufaulu masomo mawili yanayohusika na kozi kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya hapo kila kozi ina masharti yake, na waombaji wakizidi nafasi, wenye pointi nyingi hutangulia.

Sasa jiulize: katika hesabu hiyo, kata ya Mbagala Kuu inaingilia wapi? Haingii. Wala hakuna insha ya kusomwa, hakuna mzee aliyevaa miwani anayepima ufundi wako wa kuandika anwani. Matokeo yenyewe hukuyaandika wewe; mfumo wa chuo huyachukua kutoka Baraza la Mitihani kwa kutumia namba yako ya mtihani. Fomu uliyokesha ukiipekua ina sehemu chache sana zinazoamua jambo, na nyingine zote ni taarifa za kuhifadhiwa.

Kuna utafiti wa Marekani unaohusu fulana ambao nauona una msaada hapa. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake wawili walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wa wakati ule wangeona haya kujulikana kuwa mashabiki wake, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Baadaye akaulizwa ni wangapi anadhani wameitambua picha. Waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwamo. Waliotambua kweli walikuwa kama robo. Na hao walikuwa watu wenye macho, wamekaa ana kwa ana na mwenye fulana. Wewe unayehangaikia herufi iliyoruka umemtumia fomu karani ambaye meza yake ina maelfu ya fomu, na sehemu kubwa ya kazi yake anafanyiwa na kompyuta isiyojua kusengenya.

Nisieleweke vibaya. Sisemi makosa hayana madhara. Yapo yanayoua maombi, na ajabu yake ni kwamba hayaumizi macho. Namba moja ikikosewa haionekani kuwa imekosewa, maana 0457 na 0475 zote zinapendeza vile vile.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo jina lako la kweli mbele ya mifumo yote hii. Ina namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Chuo kinakutafuta kwayo, TCU inakutambua kwayo, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, inaunganisha ombi lako la mkopo na udahili wako kwayo. Ndiyo maana Bodi husisitiza kila mwaka kwamba mwombaji atumie namba ile ile aliyoombea chuo. Anayeponzwa hapa hasa ni yule aliyerudia mtihani. Ana namba mbili, ya shuleni inayoanza na S na ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Chuoni anaweka moja, Bodi anaweka nyingine, kila fomu peke yake iko sahihi kabisa, lakini mbele ya kompyuta wamekuwa watu wawili: mmoja amepata chuo na hajaomba mkopo, mwenzake ameomba mkopo na hana chuo.

Halafu majina. Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu jina la Mtanzania lina safari ndefu. Kwenye cheti cha kuzaliwa liliandikwa na karani aliyemsikiliza baba. Shuleni liliandikwa na mwalimu aliyemsikiliza bibi. Kwenye kitambulisho cha taifa liliandikwa na mtu wa tatu aliyekuwa na foleni nje ya mlango. Ndivyo Mohamed anavyokuwa Muhammad, Zainab anavyokuwa Zainabu, Joyce anavyokuwa Joice, na jina la babu linavyoingia pale ambapo kwingine kuna jina la ukoo. Mwenye jina hana kosa lolote. Alikuwa mchanga au alikuwa darasa la kwanza. Lakini siku ya kuomba mkopo vyeti vyote hivyo vinakutanishwa, na cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwanza kuhakikiwa na wakala wa usajili wa vizazi na vifo, RITA, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa aliyezaliwa Zanzibar.

Tofauti za namna hii zina dawa, tena ya siku nyingi. Kama ni mtu mmoja mwenye majina yanayoandikwa kwa namna mbili, huapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote ni yake, na hati ya kiapo huambatanishwa. Kama jina limebadilishwa kabisa, kuna hati ya kisheria ya kubadili jina ambayo husajiliwa. Kinacholeta balaa ni kuligundua jambo hili zikiwa zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Kwa hiyo likizo ya kidato cha tano, kijana akiwa bado anacheza mpira jioni, ndio wakati wa kuvitandika vyeti mezani na kuvisoma herufi kwa herufi. Hapo, na hapo tu, ndipo namsifu anayehesabu herufi.

Turudi kwenye simu ya yule kaka wa steshenari. Vyuo hutangaza waliochaguliwa kwa awamu, na ni jambo la kawaida mtu mmoja kuchaguliwa vyuo viwili au vitatu. Huyo hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja, ndani ya muda uliopangwa, kwa namba maalumu ya siri. Namba hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe, kwa namba ya simu na anwani alizojaza wakati wa kuomba. Soma tena sentensi hiyo. Kama simu uliyojaza ni ya mtu mwingine, ujumbe unamfikia mtu mwingine, naye pengine ana wateja arobaini aliowajazia wiki hiyo na laini anayoibadilisha kila akipata ofa. Ukiukosa, njia ya pili ni kuingia kwenye akaunti yako katika mfumo wa chuo ukaombe namba hiyo huko. Kwa nenosiri gani?

Siwalaumu vijana wa steshenari. Wengi wanafanya kazi ya ushauri wa elimu bila kulipwa kwa kazi hiyo, wanajua namba ya kumbukumbu ya malipo inavyopatikana, wanajua mfumo gani huzidiwa usiku wa mwisho, na bila wao maelfu wasingeomba kabisa. Ila wanafanya haraka. Mmoja niliyekaa pembeni yake Mwanza alikuwa akijaza fomu ya mteja huku akimtolea mwingine kopi na kumtajia wa tatu bei ya picha za pasipoti. Mteja mwenyewe, msichana aliyeshika bahasha ya kaki kifuani, alikuwa amesimama nyuma ya kaunta upande ambao skrini haionekani. Alijibu kila swali kwa sauti, na hakuona hata neno moja lililoandikwa. Nilitamani kumwambia azunguke kaunta. Baadaye nikamwambia, akazunguka, na kijana wala hakukasirika, alimsogezea kiti.

Ombi la mkopo lina mitego ya aina yake, na karibu yote ni ya muhuri na sahihi. Fomu inajazwa mtandaoni, inachapwa, inapelekwa kwa mdhamini, kwa serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, kisha kurasa zilizosainiwa zinarudishwa mtandaoni. Njiani humo mwenyekiti wa mtaa anasaini na kusahau muhuri, mdhamini anasaini sehemu ya mwombaji, ukurasa mmoja unapakiwa mara mbili na mwingine haupakiwi. Hata hivyo, imekuwa desturi ya Bodi kutoa muda wa marekebisho kwa waombaji ambao fomu zao zina kasoro, na baada ya majina kutoka hufungua dirisha la rufaa. Anayenufaika na muda huo ni yule anayeingia kwenye akaunti yake kutazama. Aliyekata tamaa siku alipogundua kosa, akaamua hataki hata kufungua tena, ndiye anayekosa mkopo, na kilichomkosesha si ule muhuri.

Kwa ndugu zetu wa Kenya kosa la kuogopwa lina sura nyingine. Huko KUCCPS ndiyo inayowapanga wanafunzi vyuoni kwa kufuata pointi za klasta, na kila kozi katika kila chuo ina msimbo wake. Kozi yenye jina lile lile inaweza kuwa na misimbo mingi, na tarakimu moja inakuhamisha mji. Anayekariri jina la kozi bila kutazama msimbo anajikuta ameomba alichotaka mahali asipotaka. Nako pia kuna muda wa kubadili machaguo kabla ya kupangiwa, na baadaye kuna utaratibu wa kuhama.

Wanaoomba Marekani ndio wenye sababu nzuri zaidi ya kuwa na wasiwasi wa herufi, maana huko kweli kuna mtu anayesoma. Common App, mfumo ulioanza mwaka 1975 kwa vyuo 15 na sasa unatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, unataka insha isiyozidi maneno 650, na insha hiyo ikishatumwa chuo fulani hairudi. Unaweza kuirekebisha kwa ajili ya vyuo ambavyo hujavitumia bado. Kwa hiyo uisome kwa sauti kabla, umpe mwingine aisome, ulale nayo usiku mmoja. Lakini ukigundua baada ya kutuma kwamba neno limejirudia au koma imekosekana, liache. Wapo wanaoandika barua pepe ya kuomba radhi kwa ajili ya koma. Wanamlazimisha msomaji arudi kulitafuta kosa ambalo lilikuwa limempita. Ukikosea jambo lenye uzito, kama alama ya somo, tarehe ya kuhitimu au jina la shule, andika barua fupi ya mistari mitatu: nilijaza hivi, ilitakiwa hivi, uthibitisho huu hapa. Usisimulie maisha yako. Na jina la chuo kingine likiwa limebaki ndani ya insha, kama inavyotokea kwa wanaonakili insha moja kupeleka kwingi, hilo nalo lina uzito, rekebisha upesi.

Kipimo changu ni hiki, na ninakitumia kwa kila anayenipigia simu usiku. Je, kosa hili linamfanya mtu asijue wewe ni nani, umefaulu nini, au akupate wapi? Kama linagusa mojawapo ya hayo matatu, amka asubuhi ulishughulikie. Kama haligusi, lala. Niongeze kwamba uongo hauhesabiwi hapa. Anayebadilisha tarehe ya kuzaliwa au kughushi cheti cha kifo cha mzazi ili apate mkopo hajakosea herufi, ametenda jinai, na sura hii haimhusu.

Kulishughulikia si jambo la kutisha kama linavyoonekana saa nane za usiku. Ofisi za udahili zina simu, zina barua pepe, na zina watu ambao kazi yao ya kila siku ni makosa ya aina hii. Ukienda, nenda na vyeti halisi na nakala, na namba yako ya mtihani iwe imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu kitu cha kwanza utakachoulizwa si jina. Useme shida kwa sentensi moja. Na uende mapema katika wiki. Siku dirisha linapofungwa foleni hufika nje ya geti, na anayekuhudumia ameshachoka kabla hujamsalimia.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na kaka na dada wakubwa. Wengi wa wahitimu wa kidato cha sita, dirisha linapofunguliwa, wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, simu zao ziko nyumbani kabatini, na wewe ndiye unayewaombea. Andika namba ya simu iliyo mkononi mwa mtu anayefungua ujumbe wake kila siku, umjulishe kwamba namba yake imewekwa, na nenosiri uliandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Jina la kata, hata ukiruka herufi, mtoto atasoma.